Sahani ni Moja

Umewahi kukaa katika nyumba iliyojaa watu, wote wanakupenda, wote wanakuinamia, na bado kila siku ya Mungu ukala peke yako nyuma ya pazia? Mimi nilimjua mtu wa namna hiyo. Nilimpikia miaka kadhaa hapa Brussels, na kwa muda mrefu sikumwona akitia tonge langu mdomoni.

Alikuwa mwami. Kwa watu wa milimani kule kwetu Maziwa Makuu, mwami ni mfalme, na huyu alitawala vilima vya Bugemura, mahali ambapo kwenye ramani ya shule hutapaona. Serikali ilipochoka naye ilimtoa kitini. Akahangaika nchi hii na ile, na uzee ukamkuta Auderghem, katika nyumba nyembamba ya matofali mekundu ambayo mgongo wake unatazama msitu wa Soignes. Watu wa ukoo wake walikuwa wakija kumwamkia wamevaa suti. Wanapiga magoti kwenye zulia la saluni, ile sebule ya wageni, wanapiga makofi ya heshima polepole, halafu wanaulizana kwa sauti ya chini kama basi limeshapita.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Kwa Mwami huyo sikuwa na ukoo wala kabila. Nilifika pale kupitia kwa Claudine, jirani yangu wa Schaerbeek, ambaye baba yake alikuwa binamu wa Mwami. Alinikuta kwenye ngazi na mfuko wangu wa viazi.

"Maman Warda, unajua kupika maharage isipasuke?"

"Najua."

"Na kunyamaza, unajua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, akachukua upande mmoja wa mfuko tukapanda nao.

Ilikuwa mwaka 2008, wakati wa baridi. Kitu cha kwanza nilichokiona katika nyumba ile ni mlango. Ulikuwa na kufuli tatu, moja juu ya nyingine, na kitundu cha kuchungulia. Ukishaingia, unasimama na koti lako mpaka zote tatu zifungwe nyuma yako, ndipo unavua viatu. Ukitaka kutoka, hata kama ni kutupa maganda ya ndizi tu, unamwita Antoine.

Huyu Antoine alikuwa mtoto wa dada yake Mwami. Alisoma Liège, mtu mrefu, mkavu, anavaa tai hata siku ya kufua. Cheo chake kiliitwa Kinywa. Nami nikikueleza cheo hicho utakuwa umeielewa nyumba nzima.

Kwa mila yao, mwami hasemi "nataka". Neno hilo ni la mtu aliyepungukiwa, na mwami hapungukiwi. Yeye anasema tu jambo lilivyo, basi. Anasema upepo umegeuka, au maji yamenyamaza, na Kinywa, aliyekaa chini kidogo upande wa kulia, anajua maana yake na kuwatangazia wengine: "Mwami amependezwa na shuka," au, "Mwami amependezwa mgeni aende zake." Kule vilimani Kinywa wa zamani alinyonyeshwa pamoja na Mwami, wakakua pamoja, basi alikuwa akimsoma kama unavyosoma uso wa mwanao. Mzee yule alifia njiani, katika zile nchi za kuhangaika, na kazi ikamwangukia Antoine, ambaye mila aliijua yote, ila mjomba wake alikuwa hamjui. Walionana wakiwa watu wazima, uwanja wa ndege wa Zaventem.

Tena kulikuwa na sharti jingine. Siku ambayo Mwami atalazimika kutamka mwenyewe anachotaka, ina maana Kinywa ameziba masikio. Anatoka barazani siku hiyohiyo, harudi tena. Antoine alikuwa akiiogopa siku hiyo kama watu wanavyoogopa ugonjwa. Hana mke, kazi ya ofisini aliiacha, chumba chake ni kile kidogo chini ya ngazi. Angekwenda wapi?

Kwa hiyo alikuwa akikisia. Na akikosea, Mwami anasema, "Ni vema."

Siku moja ya Aprili jua lilitoka baada ya mvua nyingi. Mwami alikuwa dirishani ghorofa ya kwanza, anatazama miti ya msitu inavyong'aa, akasema, "Jua limefika msituni." Mimi nilikuwa nimeleta chai. Antoine akaruka, akavuta mapazia yote.

"Claudine! Mwami macho yake inamuumiza!"

Mwami akakaa gizani mchana kutwa, mikono juu ya magoti, kofia ya sufu kichwani. "Ni vema," alisema. Nje nilikuwa nasikia watoto wa jirani wanapanda baiskeli kuelekea msituni.

Sasa nije kwenye chakula. Mwami haonekani akila, kwa sababu anayekula ameona njaa, na mwami haoni njaa. Chumba cha kulia kilikatwa kwa pazia la kijani, zito, la kitambaa cha makochi. Nyuma yake kuna meza, taa, hita chini ya dirisha, na viti viwili vyenye mito. Mimi napanga vyakula, nagonga trei ya shaba kwa kijiko, natoka, nafunga mlango. Hapo kila mtu mwenye miguu anatoka katika saluni ya pembeni, hata awe katikati ya neno. Mwami anaingia peke yake. Akimaliza anapiga kengele ndogo, nami naingia nakuta amekwisha kufunika sahani kwa kitambaa.

Alikuwa akila kidogo mno. Maharage, mboga za lengalenga, ndizi za kupika, bugali wa mtama niliokuwa nauhangaikia kwenye maduka ya Waafrika mtaani Matonge, vyote vinarudi vimedonolewa kama na ndege. Tena kila siku nikiingia nakuta kile kiti cha pili kimevutwa nyuma, kimeachana na meza. Nakisukuma. Kesho nakikuta kimevutwa tena. Nikajiambia mzee ananyoosha miguu, anaiweka hapo. Nikawa nauosha mto wake mara kwa mara kwa huruma, nikidhani ni miguu.

Basi, kiangazi cha mwaka uliofuata akaja Josias.

Josias alikuwa mtu wa ubalozi, wa serikali ileile iliyomtoa Mwami kitini. Dada yake Mwami, mama yake Antoine, alikuwa amefariki kule nyumbani, na balozi alimtuma Josias kuleta pole. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, kipara kinang'aa, na soksi zake, niliziona alipovua viatu, zilikuwa na kitundu. Antoine alimpokea amesimama. Josias akapiga magoti, akasema maneno yake ya kiofisi, na Mwami akawa anatazama mikono yake.

"Mikono hii ilishika kamba," Mwami akasema.

Antoine akafikiri, akatangaza, "Mwami amependezwa kujua kama umewahi kufungwa jela."

"Hapana, papa," Josias akajibu, anajizuia kucheka. "Nilichunga ndama. Maman yangu alikuwa anabeba maziwa pale barazani. Mi nilikuwa mutoto. Kulikuwa ndama mumoja mwenye kiraka kwa jicho, hakuna muntu aliweza kumukamata."

"Bihogo," akasema Mwami.

"Njo yeye! Bihogo, mutoto wa Gaju. Alinivuta mpaka kwa matope, Mwami, bantu yote ya baraza inacheka."

Nikasikia sauti kama mtu anakohoa. Claudine akanibana mkono. Kilikuwa kicheko cha Mwami, na Claudine, aliyezaliwa katika ukoo ule, aliniambia baadaye kwamba alikuwa hajawahi kukisikia.

Tangu hapo Josias akawa anakuja Jumamosi, baada ya alasiri, bila gari la ubalozi, kwa miguu kutoka kituo cha metro. Wanakaa saluni wanaongea ng'ombe. Ng'ombe tu! Rangi zao, mama zao, yupi alipenda chumvi, yupi aliogopa radi. Mwami anaegemea, uso umelegea, anamkatiza, wanabishana. Na dirishani kukianza kuwa kijivu, mimi nagonga trei. Papo hapo Josias anasimama, anainama, anakwenda kuvaa viatu. Mazungumzo yanakatika hapohapo, na Mwami anageukia pazia la kijani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfukuza rafiki yake, kwa kijiko.

Antoine hakuwa mjinga, alikuwa mwoga tu. Aliniambia, "Maman, serikali haina Jumamosi. Muntu wa ubalozi hakuje bure." Josias alipoleta jibini, Antoine alimpa mbwa wa jirani, akawa anachungulia uani kila siku.

"Alors, mbwa amekufa?" Claudine anamuuliza; alizoea kumwita tonton, mjomba, kwa heshima.

"Bado."

"Ananenepa, tonton. Leta na sisi tufe hivyo."

Josias mwenyewe alikuwa amebanwa. Siku moja anavaa koti karibu na jiko langu, akaniambia, "Maman Warda, kule kazini wananiuliza, muzee anapanga nini? Huku wananiuliza, balozi anapanga nini? Mi nasema ni ngombe, hakuna muntu anakubali. Balozi akijua nakuja kila Jumamosi, kazi imekwisha."

"Kwa nini huachi?"

Akafunga kifungo cha koti, akakifungua. "Nani mwingine anajua maman yangu alikuwa anatembea namna gani na ile maziwa kwa kichwa? Ni yeye tu amebakia."

Sasa sikiliza lililotokea. Jumamosi moja ya Novemba nimegonga trei, Josias amesimama, na Mwami, badala ya kwenda mezani, akabaki katikati ya saluni. Akasema polepole, anamtazama Antoine, "Sahani ni moja."

Mimi, mpishi, nikafikiri anasema chakula ni kidogo. Kesho yake nikamrundikia mpaka mchuzi ukamwagika. Antoine yeye alikwenda kwenye kabati la vyombo. Kulikuwa na sahani mbili za ukingo wa buluu, ndizo pekee zilizotoka na Mwami barazani, zimefungwa ndani ya shuka wakati wa kukimbia. Moja ndiyo aliyokuwa akilia chakula, nyingine hukaa akiba. Na kweli, ile ya akiba haikuwepo.

Antoine aligeuka rangi. Kwao, chombo alicholia mwami kikiangukia mikononi mwa adui, ni sawa na kumpa adui shingo yake. Wanasema unaweza kumkausha mtu kwa chombo chake, akapungua, akapungua, mpaka aishe. Na Mwami si alikuwa anapungua? Nguo zake zote zilikuwa zinamlegea. Hapo Antoine akaliunganisha jambo, na mimi nikimtazama nilijua hatalala tena mpaka alimalize.

Jumamosi iliyofuata Josias alipoingia, kufuli zikafungwa, na Antoine akanyoosha mkono. "Mfuko."

"Pardon?"

"Mfuko yako. Na koti."

Josias akamtazama, akavua koti. "Unanipekua kama niko stesheni ya Gare du Midi, tonton?"

"Pale wanaiba porte-monnaie, pochi tu."

Kwenye mfuko kulikuwa na mwavuli, tikiti za metro na tufaha lililoumwa upande mmoja. Antoine akatupeleka wote saluni. Kwa kawaida mambo ya baraza waliyazungumza kwa lugha yao, lakini siku ile ilibidi iwe Kiswahili, kwa sababu na mimi nilikuwa nahojiwa. Mwami alikuwa kitini pake, macho kwenye zulia.

"Maman Warda, Josias aliwahi kuingia kwa jiko yako?"

"Aliingia kuvaa koti. Jiko liko njiani, papa, utapita wapi?"

"Ulimuona karibu na kabati?"

"Nilimwona karibu na kila kitu. Nyumba yenyewe upana wake mikono miwili."

Claudine akaficha mdomo. Antoine hakupendezwa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya midomo, na alikuwa anailegeza tai na kuikaza tena.

"Bon. Mwami alisema yeye mwenyewe: sahani ni moja. Mbele ya bantu yote, na huyu amesimama hapa. Donc Mwami alituonyesha mwizi." Akamgeukia Josias. "Ile sahani imeshaenda kwa balozi, sindiyo? Kuanzia leo hutakanyaga hapa. Ukirudi, nampigia balozi simu, namuambia Jumamosi zako zote."

"Antoine, kwa jina ya Mungu, sahani nitaipeleka wapi?"

"Vaa viatu."

Josias alipiga magoti mbele ya Mwami. Alikuwa anangoja. Na sisi wote tulikuwa tunamtazama Mwami, kwa sababu neno moja lake lingetosha. Lakini neno hilo ndilo asilokuwa na ruhusa kulisema. Angesema mwacheni akae, angekuwa ametaka. Na akitaka, Antoine yuko nje, na begi lake, kwenye baridi ile ya Auderghem, mtoto wa dada yake, yule aliyezikwa kule nyumbani bila yeye kumwona. Nilimwona mzee anafungua mdomo na kuufunga, kama samaki aliyeletwa juu. 

Halafu akainuka. Alishika mkono wa kiti, akasimama, akatembea mpaka chumba cha kulia na kulisukuma pazia la kijani mbele yetu wote. Claudine akafunika macho kwa viganja. Mimi sikufunika, meza ile ni mimi niliyekuwa nikiifuta kila siku. Kile kiti cha pili kilikuwa kimevutwa. Mwami akainua mto wake, ule niliokuwa nikiuosha, ila tangu baridi ianze sikuwa nimeuinua, na chini ya mto palikuwa na sahani ya ukingo wa buluu, imeviringwa kwenye kitambaa cha mezani. Akaifungua. Akaiweka mezani, mbele ya kiti kile, akaisogeza ikae sawa na ya kwake. Kisha akageuka akatutazama.

Nikakitazama kiti kile. Kumbe kila siku alikuwa anamvutia mtu kiti.

Antoine akapumua kwa nguvu, akapiga makofi ya heshima. "Mwami amependezwa kutuonyesha kwamba sahani imepatikana! Alors, kesi imekwisha. Maman Warda, rudisha sahani kwa kabati. Josias, samahani kwa mfuko. Unaweza kwenda."

Claudine akatoa viganja usoni. "Tonton," akasema, "wewe!"

"Nini?"

Mimi nilikuwa nimeshaenda karibu na meza, kwa mazoea ya kutumwa, lakini sikuigusa sahani. Nilichukua trei yangu ya shaba na kijiko, nikavikumbatia vyote viwili kifuani visitoe sauti. Josias alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi, soksi yake yenye kitundu juu ya vigae. Aliitazama sahani, akamtazama Mwami, akakishusha kiatu chini polepole.

"Sahani ni moja," Mwami akasema tena, taratibu, kama unavyomrudia mtoto hesabu.

"Ni mbili sasa, Mwami," Antoine akajibu, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Zote ziko. Si ziko?"

Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anamtazama Antoine, na haikuwa hasira.

"Usiseme, Mwami," Antoine akanong'ona. Nadhani wakati huo ndipo alipoelewa. "Nakuomba. Ukisema, mimi njo nimekwisha. Nitaenda wapi?"

"Hauendi fasi yoyote. Maman Warda, ongeza sahani ya tatu, ata ya plastiki. Antoine, mutoto ya dada yangu, leta kiti ukae." Mkono wa Mwami ulikuwa umeshika mgongo wa kile kiti kilichovutwa, na sauti ilimtoka nyembamba, ya mtu anayejaribu lugha ngeni. "Nataka kula na Josias. Nataka kula na bantu."